Zeze kuachwa kwa gitaa la umeme

Swali (Iringa): Ndugu zangu, kikundi chetu cha ngoma, kilichozoeleka kwa zeze na manyanga, sasa kinapiga magitaa ya umeme na dramu kwa mtindo wa roki, na wazee huondoka kabla ya wimbo wa pili kwisha. Je, ni haki kukilaumu?

Jibu (Mbeya): Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, naye alizomewa alipopiga gitaa la umeme kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport mwaka 1965, ingawa wapo waliolalamikia ubovu wa vyombo vya sauti tu.

Jibu (Njombe): Afadhali tumtazame Thomas Mapfumo wa Zimbabwe, ambaye miaka ya 1970 wapiga gitaa wake walififisha nyuzi kwa kiganja ili zitoe mlio mkavu wa mbira, ala ya jadi ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Kinachoua zeze, kwa maoni yangu, ni dramu.

Jibu (Mbeya): Basi dramu ipunguzwe, na zeze lifungiwe kinasa sauti chake.