Mfumo wa maziwa: tubaki na JavaScript au tuhamie lugha kali?

FundiWaNjoro (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijakosana na mwenzangu. Tumepewa kazi ya kutunza mfumo wa chama cha wafugaji huku Njoro. Aliyeuandika alitumia JavaScript mwanzo hadi mwisho, na data iko kwenye hifadhidata ya SQLite. Karani anapima maziwa, anaingiza kilo za asubuhi na za jioni kwenye simu, na mwisho wa mwezi mfumo unapiga hesabu ya malipo.

Juzi mzee mmoja alikuja na daftari lake. Asubuhi 12, jioni 8. Mfumo unasema alileta kilo 128. Karani alikuwa amerekebisha kilo za asubuhi, na fomu ya marekebisho hutuma maandishi, si namba. JavaScript ikipewa "12" + 8 haijumlishi, inabandika. (Mzee apewe heko, wengine wangenyamaza wale pesa.)

Mwenzangu yuko Kisumu na anataka tuandike upya kwa Go, lugha kali kuhusu aina za data (namba, maandishi na kadhalika). Anasema lugha inayokubali upuuzi huo haifai kushika pesa za watu. Mimi naona kuandika upya ni miezi ya kazi ambayo hakuna atakayetulipa. Ninyi mngefanyaje?

Ja_Dunga (Kisumu)
Mwenzako ana hoja. Kwenye Go, ukisema kilo ni namba nzima halafu simu ilete "12" kama maandishi, kusoma hiyo JSON (muundo wa maandishi wa kutumiana data) kunarudisha kosa hapo hapo. Ukijaribu kujumlisha maandishi na namba, kompaila (chombo kinachotafsiri msimbo na kuukagua) inagoma kabla programu haijamfikia karani. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kama kumi, ya kuchangamsha kurasa za wavuti. Kulipa wafugaji hakukuwa kwenye mpango.

KodiNaChai (Kakamega)
Ja_Dunga, pole pole. Kompaila haijui unachomaanisha. Nimekuta mfumo wa Java ambao namba ya simu ilitangazwa kuwa int, yaani namba nzima. Kompaila imeridhika kabisa, na kila namba ya 07 imehifadhiwa ikianza na 7, maana namba nzima haina sifuri ya mbele. Kuweka 254 mbele nako kukashindikana, kwa sababu int ya Java inaishia 2,147,483,647. Ukali wote huo na SMS haziendi! Namba ya simu huijumlishi wala huigawi. Ni maandishi.

Pesa vilevile. Weka 0.1 na 0.2 kwenye vigeu vya desimali vya kawaida, iwe Java, Go au JavaScript, ujumlishe. Utapata 0.30000000000000004. Hifadhi senti kama namba nzima, kisha ndiyo tubishane kuhusu lugha.

BintiKompaila (Nakuru)
TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data. Microsoft waliitoa 2012 kwa ajili ya watu wenye mzigo kama wako. Unahamisha faili moja moja huku mfumo ukiendelea kufanya kazi.

Ja_Dunga
Lakini aina zake zinafutwa kabla programu haijaendeshwa. Ukiiambia data ya simu ni namba, inakuamini tu. Ile "12" itapita vilevile.

BintiKompaila
Kweli, kwa hiyo mlangoni, data inapoingia, unakagua mwenyewe. Na usikimbilie Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, peke yake: Number("") inatoa 0. Karani akisahau kujaza jioni, mfugaji anaandikiwa sifuri na hakuna anayeambiwa. Kataa kisanduku kitupu kwanza, ndipo ugeuze. Ujumbe wa kukataa uwe wa Kiswahili, useme kisanduku gani kina shida. Kuna foleni ya watu na mitungi yao hapo.

MzeeWaPerl (Bungoma)
Mnabishana kama vile hili limeanza jana. Lugha ya Perl ilituachia kila kitu, na bado tuliandika "use strict", amri ya kuifanya iwe kali zaidi, juu ya kila faili. Python nayo ilileta maelezo ya aina mwaka 2015, toleo la 3.5, na ukiendesha programu haiyajali. Chombo tofauti ndicho kinayakagua.

Mimi nauliza mbona SQLite haikulalamika. Ile "128" ilifika ikiwa inafanana na namba, safu ya INTEGER ikaigeuza kuwa 128 safi. Hata jedwali la STRICT, lenye ukali wa aina, lililokuja 2021, lingeipokea. Hifadhini asubuhi na jioni tu, jumla ipigwe na hifadhidata yenyewe. Kisha wekeni CHECK (sharti ambalo hifadhidata hulikagua) ya kiwango cha juu kwa kila upimaji. Karani atawaambia kiwango hicho bila kufikiri.

FundiWaNjoro
Asanteni sana. Nimemtumia mwenzangu uzi huu. Amekubali TypeScript, ila faili la malipo liwe la kwanza, mpangilio wa "strict" uwashwe, na neno "any", aina inayokubali chochote, lisionekane humo ndani. Sharti hilo nalipokea. Sasa, rekodi za nyuma zenye kosa hili nazipataje?

KodiNaChai
Kama safu za asubuhi na jioni zipo, vuta rekodi zote ambazo jumla hailingani na asubuhi + jioni. Fanya kabla ya malipo ya mwezi huu, na orodha mpe mhasibu wa chama aione kabla hujagusa chochote.