Mwanangu ana miaka 17 na msaada wote umekatika. Nianzie wapi?

MamaWaKonde:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naombeni ushauri, hasa mlioko Pemba. Mwanangu wa kiume ana mtindio wa ubongo. Mkono wa kulia hauna nguvu, anatembea kwa gongo, na maneno yanamtoka polepole. Alipokuwa mdogo sikuwa peke yangu. Alikuwa akija mtu mpaka nyumbani kunionesha mazoezi, na namna ya kumkalisha wima nikimlisha asipaliwe. Skuli nako alipokelewa, wale walimu wa elimu mjumuisho Mungu awalipe.

Sasa kamaliza skuli, yuko barazani asubuhi mpaka magharibi. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa, "Huyu keshakuwa mkubwa, mradi wetu ni wa watoto." Nilitoka nalia. Kwani ulemavu unaisha mtu akiota ndevu?

Na si mtoto wa kukaa bure. Msimu wa karafuu, usiku tukikaa jamvini kuchambua, yeye hutumia mkono wa kushoto, karafuu huku makonyo, vile vikonyo vyake, huku, na ndiye anayeweka kichwani hesabu ya pishi za kila mchumaji. Hakosei. Lakini tangu mwaka jana miguu inakaza. Babake anasema tumwache apumzike. Mie nawaza, nikifa leo itakuwaje?

MtuWaMazoezi:
Wa alaykum salaam dada. Kukaza huko si uvivu wala si maradhi mapya. Umri huu mifupa hurefuka upesi kuliko misuli, na msuli uliokuwa umekaza tangu zamani huzidi kuvuta. Kumpumzisha ndiko kutakakomkaza zaidi. Mrudishe hospitali kwa watu wa fiziotherapia, na gongo lipimwe upya. Wengi nawaona na gongo lile lile walilopewa wakiwa wadogo, mtu kainama kama anatafuta sindano.

Bin_Mtambwe:
Naunga mkono. Ila pia usiende ofisi za miradi kwanza. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu, uhakikishe jina lake limeandikwa kuwa ni mtu mwenye ulemavu, si mtoto mwenye ulemavu. Kisha watafute UWZ, yaani Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, umoja huu upo tangu 1985 na wenyewe ni watu wenye ulemavu, watu wazima. Sheria ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inamhusu mtu maisha yake yote.

KhalatiZuhura:
Mwanangu, bibi yake si anapokea Pensheni Jamii? Ile ya kuanzia miaka 70, iliyoanza 2016? Muulize sheha kama kuna chochote kwa kijana.

Bin_Mtambwe:
Khalati, Pensheni Jamii inaangalia umri, si ulemavu. Kijana wa miaka 17 haimgusi hata akiwa hawezi kunyanyuka. Hapo katikati, baina ya skuli na uzee, ndipo familia nyingi zinapobeba mzigo wenyewe, na inaniuma kusema hivyo.

FundiSimuChake:
Shikamoo mama. Mie miguu yangu yote miwili haifanyi kazi tangu utotoni, leo natengeneza simu mjini Chake Chake na nimeoa. Umetwambia babake anasemaje na ofisi inasemaje. Yeye mwenyewe anasemaje? Mie nilipelekwa kusomea ushoni bila kuulizwa, mwaka mzima nikapoteza. Kituo cha mafunzo ya amali kipo Vitongoji, lakini kabla ya kufika huko muulize, na usimmalizie sentensi. Msubiri.

MamaWaKonde:
Marahaba mwanangu. Nimekaa naye jana baada ya isha, nikamuuliza, nikanyamaza. Ilichukua muda. Kanambia anataka kompyuta. Kalamu mkono unaikataa, lakini akachukua simu yangu, akaandika kwa kidole gumba cha kushoto majina ya wachumaji wetu wote wa msimu uliopita, na pishi mbele ya kila jina. Babake kasoma mara mbili, hakusema kitu. Asubuhi kaniuliza gari ya Chake inapita saa ngapi.

Kesho kwa sheha, Jumatatu hospitali. FundiSimuChake, tukishuka Chake gari za Vitongoji tunapandia wapi? Hawezi kutembea mbali.

FundiSimuChake:
Mama, mkishuka msiende popote. Nitumie ujumbe hapa, nitawafuata na bajaji.