Fedha ndani ya zeolaiti: jana nyekundu, leo imepauka

Fundi_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi wa maabara ya shule, hapa Mwanza. Nilibakiwa na vijiko viwili vya zeolaiti A, ule unga mweupe kama sembe, madini yenye vyumba vidogo mno ndani yake. Nimeuloweka usiku kucha kwenye nitrati ya fedha gizani, nikausuuza, nikaukausha. Mweupe vilevile. Kwenye tanuru ukawa manjano kama bizari, joto lilipozidi ukawa mwekundu wa tofali. Nikamwita hadi mlinzi aje aone. Asubuhi nakuta dirisha la upande wa ziwani lililala wazi na unga umepauka. Fedha yangu imetoka? (Vidole navyo vimekuwa vyeusi, mke wangu kaniuliza nimepaka hina ya nani.)

Mwl_Igoma: Haijatoka kaka, huo ni unyevu wa ziwa. Vyumba vya zeolaiti A vina upana wa kama nanometa 1.1, ila mlango ni 0.4 tu. Ayoni (atomu zenye chaji) mojamoja za fedha zinapita. Zikishaungana humo kuwa kishada, hakitoki: ni kama kifaranga cha sato kilichopenya wavu wa kizimba kikanenepea ndani. Pasha tena, wekundu utarudi. Usizidishe moto lakini, na gesi ya haidrojeni usiisogeze kabisa. Fedha itahamia nje ya punje, ijikusanye mabonge ya kijivu. Hapo ndipo imekwisha.

Binti_Kamanga: Mwalimu, shikamoo. Kwenye wekundu naomba tupingane kidogo. Wengine walisema ni vishada, wengine wanasema ni elektroni tu zinazohama kutoka oksijeni ya kuta kwenda kwenye ayoni ya fedha. Rangi peke yake haithibitishi kishada. Fundi, rudia kwa fedha kidogo sana, pasha, acha unga upoe, kisha mulika gizani kwa ile taa ya kukagulia noti. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa mng'ao wa kijani humo unatoka kwenye vishada vya atomu 4, vyenye chaji chanya 2, vikiwa vimezungukwa na maji. Kwa hiyo maji si adui wa kila kishada.

Mwl_Igoma: Marahaba. Hapo umenishika.

Fundi_Kirumba: Nimepasha tena, wekundu umerudi! Ila kuna fungu nililisuuza kwa maji ya bomba baada ya yale yaliyokenekwa ya maabara kuniishia. Juani limekuwa zambarau chafu.

Binti_Kamanga: Bomba lina kloridi, kaka, ile iliyomo kwenye chumvi: inavuta fedha nje, inaungana nayo, na juani mchanganyiko huo huwa zambarau. Hilo fungu ndilo lililotoa fedha.