Mjadala: Kanuni ya 2012 iliijenga au iliibomoa chati ya nyimbo za Kilatini?

Mtoa mada
Wadau, msimamo wangu ni huu: Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, ilikosea Oktoba 2012 ilipobadili hesabu ya Hot Latin Songs, chati yake ya nyimbo za Kilatini, yaani hasa za Kihispania. Tangu 1986 chati hiyo ilipima jambo moja tu, nyimbo zinazopigwa kwenye redio za Kihispania nchini Marekani. Kisha yakaongezwa mauzo ya mtandaoni, strimu (nyimbo zinazosikilizwa moja kwa moja mtandaoni), na redio zote bila kujali lugha. Kituo kikubwa cha pop cha Kiingereza kikiupenda wimbo mmoja wa Kihispania, wasikilizaji wake wote wanaingia kapu moja na wale wa kituo cha salsa. Tazameni kilele kilivyoganda: "La Tortura" ya Shakira na Alejandro Sanz ilikaa namba moja wiki 25 mwaka 2005, ikawa rekodi. "Bailando" ya Enrique Iglesias ikakaa wiki 41. "Despacito" ya Luis Fonsi na Daddy Yankee, wiki 56! Mwimbaji wa bachata, mtindo wa Jamhuri ya Dominika, apite wapi?

Sikio la Redio
Mkuu, hesabu ya zamani haikufutwa. Ipo kwenye Latin Airplay, chati ya Billboard ya redio pekee, na ukiifuatilia utaona kasoro yake. Redio haipimwi kwa idadi ya mara wimbo ulipopigwa peke yake, bali kwa watu waliokuwa wakisikiliza saa hiyo. Ukipigwa mara moja saa mbili asubuhi Los Angeles, watu wakiwa kwenye foleni za magari, unapata zaidi ya kupigwa mara kadhaa usiku wa manane katika mji mdogo. Kampuni za muziki zinalijua hilo, kwa hiyo zinaelekeza nguvu kwenye vituo vichache vikubwa. Wimbo unasukumwa hadi namba moja, wiki inayofuata nguvu zinahamia kwingine na ule wa kwanza unaporomoka. Huko ni kupima bidii ya mapromota. Mapenzi ya wasikilizaji hayaonekani hapo.

Mdau wa Salsa
Tatizo langu ni remiksi, yaani toleo jipya la wimbo uleule. Pointi za remiksi na za wimbo wa asili hujumlishwa. "Despacito" ilitoka Januari 2017. Aprili akaingia Justin Bieber, na kwenye Hot 100, chati kuu ya Billboard ya nyimbo za aina zote, ikaruka kutoka nafasi ya 48 hadi ya 9, kisha ikashika namba moja wiki 16. Huo ni ushindi wa Kihispania au wa jina la Bieber?

Sikio la Redio
Kwa Hot 100 una hoja. Lakini kwenye Hot Latin Songs ilikuwa namba moja tangu Februari, kabla Bieber hajaigusa. Na mwaka 2023 "Ella Baila Sola" ya Eslabon Armado na Peso Pluma, Kihispania kitupu juu ya magita na tromboni, ilifika nafasi ya 4 kwenye Hot 100, ya kwanza ya muziki wa kieneo wa Meksiko kuingia kumi bora. Haikuhitaji remiksi ya Kiingereza. Kwa hesabu ya redio peke yake isingefika huko.

Bi Takwimu
Ndugu zangu, mnaziita strimu kana kwamba zote zina uzito mmoja. Kwa kanuni ya Julai 2018, strimu ya akaunti ya kulipia ilipewa pointi 1, ya bure yenye matangazo theluthi mbili, na ya huduma inayokupangia nyimbo yenyewe nusu. Kwa hiyo msikilizaji asiyelipia anapunguzwa sauti, na muziki huu una wasikilizaji wengi wa aina hiyo. Jambo jingine linalosahaulika: zinahesabiwa strimu za Marekani tu. Mamilioni ya Bogotá na Mexico City hayaingii. Ya dunia nzima yana chati yake, Global 200, iliyoanza Septemba 2020.

Mtoa mada
Sawa, basi nipunguze dai. Redio na strimu zikae pamoja, ila albamu isimeze chati. "Un Verano Sin Ti" ya Bad Bunny (2022) ina nyimbo 23, na chati ina nafasi 50. Mashabiki wakiisikiliza yote Ijumaa inapotoka, wengine wanabaki na makombo.

Bi Takwimu
Hapo tunakubaliana, na dawa imeshajaribiwa. Uingereza, baada ya nyimbo 16 za albamu moja ya Ed Sheeran kujaa ndani ya ishirini bora Machi 2017, waliweka kikomo cha nyimbo 3 kwa msanii mkuu. Pia wimbo uliokaa wiki 10 ukishuka wiki 3 mfululizo, strimu zake huhesabiwa nusu. Kanuni ya pili ndiyo ingefungua kilele alichokilalamikia mtoa mada.

Mdau wa Salsa
Isingekifungua. Kanuni hiyo inaubana wimbo unaoshuka, na "Despacito" kwa miezi mingi haikuwa ikishuka. Kikomo cha nyimbo 3 nakiunga mkono, mradi kolabo (nyimbo za wasanii wawili au zaidi) zihesabiwe kwa kila msanii aliyetajwa, la sivyo kila wimbo wa albamu utapewa mgeni ili kukwepa kanuni.