Kwa nini bawabu wa kwenye runinga ni Mluhya kila mara?

Mkaazi wa Kisauni:
Wadau, naomba mawazo yenu. Juzi nilikuwa nikitazama kichekesho cha humu nchini Kenya pamoja na binti yangu wa miaka tisa. Kila alipotokea bawabu langoni, koti refu mwilini na rungu kwapani, akitamka "papa" pale alipokusudia "baba", mtoto aliangua kicheko hata kabla sentensi haijaisha. Baadaye akaniuliza kwa nini mabawabu wote ni Waluhya. Sikuwa na jibu. Je, kosa liko kwenye lafudhi, au kwenye kazi tunazowagawia wahusika?

Shabiki wa Zamani:
Ndugu, lafudhi peke yake siioni kuwa na hatia. Sisi tuliokua tukitazama kichekesho cha runinga cha Vitimbi tulimcheka Mzee Ojwang' kwa miaka na mikaka, na wengi wetu hatukujua kwamba mzee yule wa Kijaluo aliigizwa na Mkikuyu, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Lafudhi ilikuwa vazi tu, kwani kilichotuvunja mbavu ni ujanja wake uliomrudia mwenyewe, na visa vyake na mkewe wa kwenye kichekesho, Mama Kayai, ambavyo vingeweza kutokea katika nyumba yoyote, iwe Kisumu au Nyeri.

Binti Mkamba:
Shabiki, nakubaliana nawe kuhusu Ojwang', ila naona umeisamehe lafudhi haraka mno. Mimi ni Mkamba niliyezaliwa na kulelewa Nakuru, na Kiswahili changu ni cha mjini. Nilipokwenda kwenye usaili wa tamthilia moja, nilikabidhiwa kurasa za daktari, nikazisoma vizuri tu, hadi nilipoulizwa jina la baba yangu. Hapo nikapokonywa kurasa zile, nikapewa za mganga wa kienyeji na kuelekezwa "niongeze Ukamba kidogo". Wanjau alichagua kuivaa lafudhi ya watu wengine, lakini mimi nilivishwa ambayo hata sina.

Msomaji wa Miswada:
Pole, dada. Nitaongeza jambo moja tu, nalo ni kwamba wapo wasiopata hata nafasi ya kuchekwa. Mturkana au Mrendille huonekana kwenye habari za ukame na kwenye matangazo ya utalii akiruka ngoma, na Msomali wa Kenya ni mwenye duka au mwenye bunduki. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hakilindi matamshi ya chuki, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ina makali yake, lakini zote mbili zinamnasa anayetukana. Mwandishi anayemfanya kila yaya kuwa wa kabila lile lile hajatukana mtu. Wa kumuuliza ni mhariri wa mswada, kabla kamera haijawashwa, na katika vikao nilivyowahi kukaa swali hilo huulizwa kwa nadra sana.

Mkaazi wa Kisauni:
Nashukuru sana. Jana nilimwonyesha binti yangu kipande cha Vitimbi, nikamweleza habari za Wanjau. Aliwaza kidogo, kisha akauliza iwapo bawabu wetu naye huenda si Mluhya. Nilimjibu kwamba inawezekana kabisa. Sasa anataka kujua ni nani aliyemwambia aseme "papa".