Tupeane uzoefu: kuamini ufufuo kumekugharimu nini? (Unguja na Pemba)

Binti wa Mbweni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Leo mwezi umetimia tangu tumzike mama. Kila Jumapili tunasimama kuungama imani na kutamka kwamba tunangoja ufufuo wa wafu. Nimetamka hivyo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuyapima maneno yenyewe. Mwaka huu nimeyapima. Siku tatu kabla hajafariki, mama alinituma nivute sanduku chini ya kitanda. Juu kabisa ilikuwa sare yake ya Umoja wa Mama, imepigwa pasi, na katikati ya mikunjo noti ya elfu kumi. Sadaka ya Pasaka. Pasaka yenyewe ilikuwa bado wiki tano. Akaniambia, "Nitolee wewe, mie nitakuwa nimetangulia." Alisema kama mtu anayewahi boti ya asubuhi kwenda Dar.

Naomba visa vyenu. Mahubiri tunayapata kanisani, hapa nataka siku ile ambayo kuamini kwamba wafu watafufuka kulikufanya utoe kitu, uache kitu, au ubaki mahali ambapo miguu ilitaka kukimbia. Na tafadhali tusiseme vibaya dini ya mtu. Matangani kwetu walionishikia sufuria ni majirani zangu Waislamu.

Mtu wa Wete

Pole sana dada.

Mimi mzaliwa wa Pemba. Baba alitoka bara kuja kuchuma karafuu, msimu ukaisha, yeye akabaki. Wakristo huku tu wachache, msiba ukitokea hata watu wa kupokezana jeneza hawatoshi. Baba alifariki usiku wa mvua. Asubuhi nikatoka na majembe mawili, langu na la shemeji yangu, nikijua tutachimba wawili hadi jioni. Tulipofika tukakuta wazee na vijana wa mtaani wamekwishatangulia, kanzu zao zimetundikwa kwenye mkarafuu.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mwanandani tuchimbe?" Yaani kile chumba cha pembeni ndani ya kaburi wanamolaza maiti wao.

Nikamwambia, "Hapana babu, baba yumo ndani ya jeneza, shimo linakwenda sawa mpaka chini."

"Na kichwa?"

"Kichwa magharibi, miguu mashariki."

Akataka kujua kwa nini. Nikamweleza tulivyofunzwa na wazee wetu, kwamba Bwana atarudi kutokea mawio ya jua, na baba akiinuka ainuke anamtazama. Mzee yule alikuwa ndani ya shimo, udongo mwekundu umemfika kiunoni. Akanyamaza kidogo. Kisha akawageukia vijana: "Vuteni kamba vizuri. Mtu huyu ana miadi."

Wakapima upya. Shimo lilikuwa limeelekea kando kidogo, wakalirekebisha ukingo mmoja wakati mvua imeanza tena. Mimi na yule mzee hatuamini sawa kuhusu Yesu, wala hakuna aliyejifanya tunaamini sawa. Lakini kwamba Mungu atawafufua wafu, hilo hatukubishana.

Umeuliza gharama. Kaka yangu ameniita Dar mara tatu, mara ya mwisho kazi ilikuwa tayari na chumba kimelipiwa. Jumapili njema kanisani tuko kumi na moja. Ufunguo ninao mimi. Nimebaki.

Kijana wa Kwaya

"Mtu huyu ana miadi." Nimeisoma mara mbili, nimeweka simu chini.

Stoo

Kisa changu si cha kaburi, ila naona kinaingia.

Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya pwani ya mashariki, sitaitaja. Mkubwa wangu alikuwa na mpango na mleta samaki. Karatasi inasema kilo 40, mizani inasoma 26, mimi natakiwa kutia saini na mwisho wa mwezi napewa bahasha. Miezi miwili nilitia saini. Nasema ukweli, nilikula.

Ikaja Kwaresima. Katekista akatufundisha Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, pale Paulo anaposema kama Kristo hakufufuka basi imani yetu ni bure, na kama wafu hawafufuki, basi tule tunywe, kesho tunakufa. Nikajiona. Mimi ndiye ninayekula na kunywa kama mtu asiyefufuka. Asubuhi ya Jumatatu samaki wakaja, changu na jodari, nikaandika 26. Mkubwa akaniita ofisini, akasema niandike vizuri. Nikamwambia nimeandika mizani ilivyosoma. Mkataba ulipokwisha haukurudiwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sikupata kazi nyingine haraka kama wanavyosimulia watu kwenye ushuhuda. Mwaka mzima nilibeba mchanga kwenye ujenzi Fuoni. Na ile fedha ya miezi miwili bado inaniwasha, sijajua niirudishe kwa nani.

Mama Wawili

Kaka Stoo, Mungu akutie nguvu. Zungumza na padre wako kuhusu hiyo fedha, usiibebe peke yako.

Mimi ni wa Minara Miwili, kanisa kuu letu Wakatoliki, Mji Mkongwe. Februari 17, 2013, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evaristus Mushi alipigwa risasi Mtoni akienda kuadhimisha misa. Siku nne nyuma tulikuwa tumepakwa majivu, tukaambiwa sisi ni mavumbi. Nilikuwa jikoni simu ilipoita. Maharage yaliungua, nyumba nzima ikajaa moshi, na mimi nimesimama tu.

Jumapili iliyofuata mume wangu akasema tusali nyumbani. Hakuwa na kosa, baba anatazama watoto wake. Usiku kucha nikageuka kitandani. Mawazo yangu yalikuwa haya: kama mauti ndiyo mwisho, basi mume wangu yuko sahihi, tena tuhame kabisa. Na kama si mwisho, padre wetu hakupotea, na mimi nina mahali pa kwenda asubuhi. Nikavaa. Magoti yalitetemeka toka mlangoni hadi Darajani. Jirani yangu, tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa amekaa barazani. Akaniuliza nakwenda peke yangu? Nikasema ndiyo. Akajitanda buibui lake, akanisindikiza hadi karibu na kanisa, akakaa kivulini akinisubiri misa iishe. Joto lile, na miguu yake ile ya kuvimba.

Mkesha wa Pasaka, Machi 30, tulikuwa wanne, mume wangu amembeba mdogo begani. Taa zote zikazimwa. Ulipoingia mshumaa mmoja gizani, nikasikia watu wakilia kabla hata ya wimbo.

Mtunza Altare

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma wote.

Mimi ni wa Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana hapa mjini Unguja, na kanisani humo nimefagia miaka mingi. Mnajua pale palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu. Tumepokea kwa wazee kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Kanisa lote nafagia kwa ufagio. Duara lile napiga magoti, nalipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Sababu ni hii. Bibi yake bibi yangu alishushwa kutoka jahazi la watumwa lililokamatwa, akapelekwa Mbweni kwa wamisionari waliokuwa wakiwapa makazi walioachwa huru. Alikuwa mtoto mdogo. Hakukumbuka kijiji, hakukumbuka jina. Jina tunalomkumbuka nalo ni la ubatizo. Kwetu nyumbani tuliulizana tangu utotoni: siku ya ufufuo bibi ataitwa jina gani? Marehemu baba alitujibu kwamba Bwana analijua lile la mamake, na siku hiyo ndiyo ataanza kulisikia tena. Mimi nimeishika hiyo.

Wengine wa mkumbo uleule walifika mbali. Cecil Majaliwa, Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, shule ya wamisionari hapa Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadre hapahapa Unguja. Angeweza kukaa mjini. Akaenda kutumika Chitangali, kusini mwa bara, kwa Wayao wenzake, katika nchi ileile walikouzwa watoto. Huyo nikimfikiria, uchovu wa kufagia unaniondoka.

Sijasema

Nyote mna visa vyenye nguvu. Mimi nilizika mtoto wa miezi minne. Watu waliniambia ni malaika, nikachukia. Sijatoa chochote, sijashinda chochote. Nakwenda kanisani, wakifika kwenye kuungama imani nafika pale kwenye ufufuo nanyamaza, dada aliye pembeni yangu analisema kwa sauti ili litutoshe wawili. Sijui kama hii inahesabika.

Binti wa Mbweni

Sijasema, mpenzi wangu, inahesabika. Usilazimishe sauti. Huyo dada aliye pembeni yako amefanya kile ambacho mimi nilikuja kukitafuta hapa. Kaburi la mwanao liko upande gani wa mjini? Niandikie kando.

Mzee Mtunza Altare, shikamoo, na ahsante kwa jina la bibi.

Jumamosi nakwenda kwa mama, majani yameshapanda juu ya msalaba na mvua hizi. Nitachukua panga mbili na ndoo. Wa Unguja anayeweza, tukutane Mbweni saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Tukimaliza kwa mama tutapita na kwa mtoto.