Soketi za TCP: mizani iko Kibaigwa, seva Dodoma mjini, mawasiliano yanaganda

mizani_kbg:
Wakuu, habari za kazi. Kompyuta ya mizani ya mahindi iko Kibaigwa, inatumia modemu ya laini ya simu. Seva ni Linux, iko Dodoma mjini. Pande zote ni Python, zinaongea kwa soketi ya TCP (njia ya programu mbili kutumiana data mtandaoni). Klayenti (programu ya kwenye mizani) inatuma uzito wa kila gunia, seva inarudisha namba ya stakabadhi, na bei ikibadilika iisukume kule bila kuulizwa.

Magunia yakifuatana haraka napokea `UZITO 98.5UZITO 101.2` kwa mkupuo mmoja. Klayenti ikifika kwenye `recv` (amri ya kupokea) inaganda, hupimi gunia jingine. Halafu kukiwa kimya kwa muda, seva inaonyesha klayenti bado ipo lakini hakifiki kitu. Hata kosa halitokei!

fundi_zabibu:
Hilo la kushikana si hitilafu mkuu, ndivyo TCP ilivyo. Inakupa mfululizo wa baiti tu, haijui ujumbe wako unaanzia wapi. Leo zimeshikana, kesho utapata `UZI` halafu `TO 98.5`. Na ukiandika `recv(1024)`, hiyo 1024 ni kikomo cha juu cha baiti, si ahadi.

Tanguliza urefu wa ujumbe kwa baiti 4. `UZITO 98.5` ni baiti 10, kwa hiyo kinachosafiri ni `00 00 00 0A` kisha hizo 10:

```
s.sendall(struct.pack('>I', len(data)) + data)

def soma(s, n):
    b = b''
    while len(b) < n:
        k = s.recv(n - len(b))
        if not k:
            raise ConnectionError
        b += k
    return b
```

Soma 4, fungua urefu, kisha soma urefu huo. Pima `len` baada ya `encode`, maana unahesabu baiti, si herufi. Weka na kikomo cha urefu, tuseme baiti 65536. Bila hicho, klayenti ya zamani isiyo na kichwa (hizo baiti 4 za urefu) ikiunganika, seva itasoma `UZIT` kama namba 1431980372 na kukaa kuzisubiri baiti zote hizo.

Kuganda: soketi moja inapitisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, huhitaji ya pili. Thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) moja isome tu, nyingine itume tu, ikichota ujumbe kwenye foleni ya `queue.Queue`. Thredi mbili zisiite `sendall` kwenye soketi moja, baiti zitaingiliana.

nzuguni_net:
Naongezea kwenye ule ukimya, ndio mbaya zaidi. Mtandao wa simu kwa kawaida unakuweka nyuma ya NAT (kifaa kinachowachangisha wateja wengi anwani moja), na muunganisho usiopitisha kitu unafutwa kwenye jedwali lake bila kukuarifu. Upande unaosubiri kusoma hauwezi kujua. Keepalive ya Linux (kupima yenyewe kama upande wa pili upo) ipo, ila hata ukiiwasha, kwa mpangilio wake wa kawaida inaanza kupima baada ya sekunde 7200, yaani saa 2 nzima.

Klayenti itume `PING` kila sekunde 30, seva ijibu. `settimeout(90)` pande zote. Sekunde 90 zikiisha bila kupokea kitu, funga soketi. Usijaribu kuendelea kusoma, huenda umekatikia katikati ya ujumbe. Kuunganisha upya ni kazi ya klayenti, kwa sababu seva haiwezi kuipigia laini yenye anwani ya kuchangia. Subiri sekunde 1, 2, 4, hadi 60.

Sasa angalia hapa, ndipo pesa za watu zinapopotelea. `sendall` kurudi salama maana yake ni kwamba data imeingia kwenye bafa (sehemu ya kusubiria kutumwa) ya kompyuta yako tu, si kwamba seva imeipata. Laini ikikatika hapo hujui gunia limeandikwa au la. Ukituma tena linahesabiwa mara mbili, ukiacha linapotea. Kila uzito uwe na namba, utumwe tena mpaka seva irudishe namba hiyohiyo, na seva ikiiona mara ya pili itoe stakabadhi ileile.

fundi_zabibu:
Kweli kabisa. Seva ikigoma kuwaka upya kwa `Address already in use`, weka `SO_REUSEADDR` kabla ya `bind`. Na kwenye hiyo `bind` (kuipa seva anwani ya kusikilizia) weka `0.0.0.0`, yaani anwani zote za seva; ukiweka `127.0.0.1`, ambayo ni ya ndani ya kompyuta yenyewe tu, Kibaigwa haitakuona kamwe.

mizani_kbg:
Shukrani wakuu. Umeme ukikatika kule namba si zitaanza tena 1?

nzuguni_net:
Zitaanza, kama unazishika kwenye kumbukumbu. Andika uzito na namba yake kwenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye diski) kwanza, ndipo utume. Kwenye seva ufunguo (kitambulisho cha kila rekodi) uwe jina la mizani pamoja na namba, maana mizani ya pili nayo itaanza na 1.